Bendi kongwe mbele ya kamera: tulivyopiga laivu kwa mara ya kwanza kwenye kipindi cha usiku

Bendi yetu ya roki ilikuwa imekomaa jukwaani kabla televisheni haijatuita. Tulikuwa na albamu za kutosha, mashabiki wanaotufuata mji hadi mji, na nyimbo ambazo vidole vinazipiga vyenyewe hata tukiwa hoi. Mimi ndiye mpiga besi, na kwa miaka mingi nimekuwa pia mtu wa kusoma mikataba na kupanga safari. Ninaandika haya kwa ajili ya bendi nyingine zilizokaa muda mrefu kwenye kazi na siku moja zikapigiwa simu kama tulivyopigiwa sisi. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Ujuzi wetu wa jukwaani, ule tunaojivunia, ilibidi tuuweke kando nusu nzima ili wimbo mmoja tu utoke vizuri.

Mwaliko ulikuja kupitia kwa meneja. Kipindi cha mazungumzo cha usiku, kimojawapo cha vile vinavyorekodiwa New York, kilitaka bendi ya kufunga kipindi. Wimbo mmoja, wapigaji wote wapo, hakuna pleibeki. Mpiga drami wetu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama sisi si wazee mno kwa mambo hayo. Nilimkumbusha Rush, bendi ya Kanada iliyojaza viwanja kwa miongo mitatu na zaidi. Walipopiga kwenye The Colbert Report, kipindi cha usiku cha vichekesho, Julai 2008, ilikuwa imepita zaidi ya miaka 30 tangu waonekane kwenye televisheni ya Marekani. Kwa hiyo umri si hoja. Hoja ni kujua unaingia mahali pa namna gani.

Na hapo neno "laivu" lina mambo yake. Vipindi vingi vya aina hii vinarekodiwa jioni, mbele ya watazamaji walioketi studio, kisha vinarushwa saa tano na dakika 35 usiku kwa saa za New York. Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho na muziki, ndiyo inayokwenda hewani moja kwa moja tangu Oktoba 1975. Kwetu sisi, laivu ilimaanisha kwamba unapiga kweli, wanarekodi mfululizo, na harudii mtu. Ukikosa noti, noti hiyo ndiyo watakayoisikia watu usiku ule. Usijifariji kwamba kuna muda wa kurekebisha kati ya jioni na usiku. Upo kidogo sana, na hautumiki kwa ajili ya makosa ya wanamuziki.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kufupisha wimbo. Wimbo waliouchagua, kwenye konsati tunaupiga karibu dakika sita, na ukinoga unapita hapo. Kipindi kilitupa dakika tatu na nusu, wakaongeza kwamba wangevumilia hadi nne kama kuna sababu nzuri. Wiki ya kwanza tulikata mwisho: solo ya gitaa ikaondoka, kiitikio cha mwisho kikaondoka, tukawa tumebaki na wimbo unaokatika kama mtu aliyekatizwa akiongea. Tulirekodi kwa simu, tukausikiliza tumeketi sakafuni, na hakuna aliyeupenda. Mpiga solo alikasirika, na alikuwa na haki, maana kipande chake ndicho watu wengi wanachokuja kukisikia.

Dawa ilitoka kwa mpiga drami. Alisema tukate mwanzo. Utangulizi wetu wa gitaa peke yake ulikuwa unachukua karibu dakika nzima, na jukwaani una maana yake: taa zinazimwa, watu wanapiga kelele, mwili unasisimka kabla sauti ya mwimbaji haijaingia. Nyumbani hakuna kiza wala kelele. Kuna mtu amejilaza kwenye kochi, rimoti mkononi, macho mazito, na ameshasikia mazungumzo ya wageni wawili. Huyo ukimpa dakika nzima ya gitaa pekee, ameondoka. Tukaacha mapigo manne ya drami, sauti ikaingia. Ubeti wa pili tukauacha nusu. Solo ikarudi, fupi, ikiwa na ile sehemu ambayo watu huiimba kwa midomo. Na mwisho tukaufanya wa kukata mara moja, wote pamoja, badala ya ile ngurumo ndefu ya matasa (zile sahani za shaba za drami) na gitaa tunayoipenda. Ngurumo haina mwisho unaoeleweka, na mwongozaji anahitaji kujua ni sekunde gani mwendesha kipindi anaingia kuwapeni mikono.

Anza kufupisha mapema. Mikono iliyozoea dakika sita haisahau kwa siku mbili. Sisi tuliupiga wimbo mfupi kwenye konsati kadhaa kabla ya kwenda New York, na mara mbili tatu nilijikuta vidole vinakwenda kwenye ubeti ambao haupo tena.

Rekodi ya wimbo uliofupishwa ndiyo unayowatumia watu wa kipindi, pamoja na maneno yote na mchoro wa nani anasimama wapi. Ukishatuma, usibadilishe. Mwongozaji anapanga kamera kwa rekodi hiyo, na hakuna anayefurahia bendi inayokuja na mawazo mapya. Elvis Costello, mwanamuziki wa Uingereza, alisimamisha wimbo katikati ya Saturday Night Live Desemba 1977 akaingia wimbo mwingine ambao haukupangwa, na hakurudi kwenye kipindi hicho hadi 1989. Wengi wanampenda kwa ujasiri ule, nami pia, lakini yeye alikuwa kijana na alijua anachokifanya. Bendi iliyosubiri nafasi maisha yake yote ipime mara mbili.

Maneno ya wimbo yanapitiwa na idara ya stesheni inayosimamia maadili. Sheria ya Marekani inaruhusu maneno makali kidogo kwenye matangazo ya hewani kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, lakini stesheni kubwa zina masharti yao na huziba matusi hata saa hizo. Wimbo wetu ulikuwa na neno moja la namna hiyo. Tungeweza kuwaachia walizibe wao, ila mwimbaji alikataa, akasema sauti ikikatika pale mtazamaji ataukumbuka ule mlio na kuusahau wimbo. Akatafuta neno jingine lenye vina sawa. Akalizoea kwa majuma, akiliimba bafuni, akiliimba garini, hadi ulimi ukaacha kuteleza.

Sasa fedha, maana hapa watu hudanganyana. Televisheni inalipa, lakini inalipa viwango vya vyama vya wafanyakazi: SAG-AFTRA, cha waigizaji na watangazaji, na American Federation of Musicians, cha wanamuziki, kutegemea unafanya nini. Malipo yale ni halali na yana heshima yake, ila hayafikii gharama za bendi nzima na mafundi wake kusafiri, kulala hoteli ya New York, na kukodi ampi na drami kwa sababu kubeba za kwenu ni ghali zaidi. Bendi yenye kampuni kubwa ya muziki nyuma yake inalipiwa kama gharama ya kujitangaza. Sisi hatukuwa nayo wakati ule. Tulichimba kwenye mfuko wa bendi, na mfuko ukabaki mtupu. Kilichotuokoa ni kwamba meneja alipanga konsati mbili za karibu, moja kabla na moja baada, zikarudisha sehemu nzuri ya nauli. Ningekuwa na uwezo wa kumwambia kila mtu jambo moja kuhusu fedha, ningesema hilo: usiende kwa ajili ya televisheni pekee kama unaweza kuizungushia kazi nyingine.

Siku yenyewe ilianza asubuhi, kwenye mlango wa mizigo. Studio ilikuwa baridi, baridi ya kweli, kwa sababu taa nyingi zinawashwa na mitambo haitaki joto. Ukumbi wa Ed Sullivan pale Broadway, ambapo Beatles walipiga Februari 1964 wakatazamwa na watu wapatao milioni 73, ulijulikana kwa baridi wakati David Letterman akiendesha kipindi chake cha usiku pale, na studio nyingine hazipishani nao sana. Baridi inabadilisha mkazo wa nyuzi. Gitaa lililowekwa sauti sawa (kutuniwa) kwenye chumba cha kuvalia chenye joto litakuwa nje ya sauti likifika jukwaani. Ziache gitaa jukwaani muda wote, na utuni hapo hapo. Mpiga drami alivaa glavu hadi dakika ya mwisho.

Jukwaa lilikuwa dogo kuliko la kumbi nyingi tulizoanzia ujanani. Tulisimama karibu kiasi kwamba shingo ya besi yangu ilikuwa inagusa tasa nikigeuka. Msaidizi mmoja alipita na utepe mweusi akifunika majina ya kampuni kwenye ampi na kwenye ngozi ya drami kubwa, kwa utaratibu, bila kuongea, akirudi nyuma kuangalia kama herufi yoyote inaonekana. Mwingine akabandika alama za rangi sakafuni, kila mmoja wetu ya kwake.

Suala la sauti ndilo lililonipa wasiwasi zaidi. Kwenye konsati tunapiga kwa nguvu. Nguvu ni sehemu ya muziki wetu. Studio inataka kinyume. Sauti inayokwenda kwa mtazamaji haitoki kwenye spika za ukumbini. Inatoka kwenye chumba kingine ambako fundi anachanganya kila kipaza sauti peke yake. Ampi za gitaa zikivuma, zinaingia kwenye kipaza sauti cha mwimbaji, na fundi akimpandisha mwimbaji anapandisha na gitaa. Tulishusha ampi mpaka mpiga solo akasema hajisikii anapiga roki. Drami zikawekewa vioo vya plastiki mbele. Mpiga drami akabadilisha matasa akatumia membamba zaidi.

Kupandisha sauti ili uonekane mkubwa ni kazi bure. Stesheni za Marekani hufuata kiwango cha ukubwa wa sauti cha −24 LKFS, na chochote unachopeleka kinaletwa hapo. Ukibana muziki wako hadi uwe kama ukuta, utashushwa, na kitakachobaki ni ukuta mdogo. Bora uache nafasi kati ya sauti ya chini na ya juu, ili kiitikio kikiingia kisikike kimeingia.

Besi yangu nayo ina hadithi yake. Spika za televisheni ni ndogo, sauti nzito za chini hazizitoi. Mara ya kwanza fundi aliponiita kusikiliza, kwenye spika kubwa nilijisikia vizuri sana, akabonyeza kitufe tukasikiliza kwenye kispika kidogo, nikapotea kabisa. Nilikuwa sipo. Tukapunguza uzito, tukaongeza sauti ya kati, nikaacha vidole nikashika plektra, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi, kitu nisichokipenda. Nikarudi. Mwombeni fundi awasikilizishe kwenye spika mbovu kuliko zote alizonazo. Na kama mna fundi wenu anayezijua nyimbo, mpelekeni akae karibu na yule wa studio, kwa adabu, si kwa kumfundisha kazi. Wetu alikuwa na karatasi yenye mambo matatu tu: solo inaanzia hapa, sauti ya pili inaingia hapa, mwisho unakata hapa.

Kisha mazoezi ya kamera. Nilifurahia kumsikia msaidizi wa mwongozaji akihesabu. Alikuwa na karatasi ya maneno ya wimbo wetu, na kila mstari una namba ya kamera pembeni, naye anahesabu mapigo kwa sauti kavu: mbili, tatu, nne, kamera ya tatu, mwimbaji, mbili, tatu, nne, kamera ya kwanza, drami. Aliujua wimbo wetu kuliko baadhi ya watu waliowahi kuupiga nasi. Katika zoezi la kwanza mpiga solo alitembea hatua mbili mbele ya jukwaa kama afanyavyo siku zote solo ikifika, na picha ikabaki ya ampi yake. Hakuna aliyemgombeza. Mwongozaji alimwomba tu aipige solo yake palepale, kwenye alama. Alishika kichwa, akacheka, lakini nilimwona alivyobana meno. Mtu amefanya hatua zile mbili maisha yake yote ya kazi.

Mwimbaji wetu alipata tabu ya macho. Amezoea kutupa macho hadi viti vya mwisho na kufungua mikono. Kwenye kioo cha kamera mikono ile ilitoka nje ya picha, na macho yakaonekana yanatafuta kitu. Mwongozaji alimpa shauri ambalo naliona la dhahabu: imba kwa mtu mmoja. Kamera iliyo hewani inawaka taa nyekundu, lakini usiikimbize taa. Chagua nukta moja juu kidogo ya kamera ya katikati, mwimbie mtu aliyeketi hapo. Tuliporudia, uso ulitulia. Wimbo ule niliousikia mara zisizohesabika ukanigusa upya, kwa sababu kwa mara ya kwanza hakuwa anampigia kelele mtu yeyote.

Sauti ya mwimbaji itunzwe. Siku ile wimbo unaupiga mara nyingi: kwa fundi wa sauti, kwa kamera, kisha mazoezi kamili. Mwambieni fundi mapema ni zoezi lipi litakuwa la sauti kamili, na mengine aimbe nusu. Ukiimba nusu bila kusema, atapanga vipimo vyake kwa nusu hiyo, na jioni itamshtua. Kuhusu nguo: epukeni mistari myembamba inayocheza machoni kwenye kamera, na nyeupe tupu inayong'aa chini ya taa. Lakini msijivike msivyo.

Baada ya mazoezi tukasubiri. Saa nyingi. Hapo ndipo hofu ilipotukuta. Kwenye konsati wimbo wa kwanza ni wa kuondoa woga. Ukikosea una nyimbo kumi na tano za kujikomboa. Hapa wimbo wa kwanza ndio wa mwisho. Mpiga drami aliona hilo, akatukusanya chumba cha kuvalia, gitaa bila umeme, yeye akipiga kwenye mto wa kochi, tukapiga nyimbo tatu nzima za konsati mfululizo. Tulipoitwa tulikuwa tumetoka jasho kidogo na tunatazamana kama watu walio katikati ya shoo. Kama utachukua jambo moja kutoka kwangu kwa ajili ya siku yenyewe, chukua hili.

Mwendesha kipindi akalitaja jina letu, akainua albamu, watu wakapiga makofi, mapigo manne, tukaingia. Kwenye kiitikio cha kwanza nilimwona mwimbaji akigusa sikio. Kisikilizio kimoja kilikuwa kimezima. Akakitoa, kikaning'inia begani, akageuka nusu kumtazama mpiga drami, akaendelea. Hakupotea hata nusu pigo. Nyumbani tulikuwa tumefanya zoezi moja bila visikilizio kabisa, kwa kusikilizana tu kama zamani kwenye chumba cha nyuma, na hapo ndipo ukongwe ulipotusaidia kwa kweli: tunajuana kwa mabega. Solo ikapita, kwenye alama. Tukakata mwisho pamoja. Mwendesha kipindi akaja, akatushika mikono, akasema usiku mwema kwa kamera, na taa zikabadilika. Nilitaka kurudia tena, si kwa sababu kulikuwa na kosa, bali kwa sababu mwili ulikuwa ndio kwanza umeamka.

Usiku tuliitazama hotelini, wote chumba kimoja. Kuwa tayari kujiona. Jukwaani hakuna anayekuonyesha uso wako kwa karibu; pale nikaona mvi, nikaona tunavyoinama tukipiga. Mpiga solo alinyamaza muda mrefu. Halafu ikaja picha ya mkono wake wa kushoto, karibu kabisa, mishipa imetoka, vidole haviharakishi, na akasema, "Huo mkono ni wangu, bwana." Simu zikaanza kuita. Besi ilisikika.

Matokeo hayakuwa ya ajabu kwa usiku mmoja. Tiketi za konsati iliyofuata zilikwenda haraka, na ukurasa wetu wa kuuzia ulikuwa tayari kwa sababu meneja alikesha nao. Kilichodumu ni video fupi waliyoiweka mtandaoni. Hiyo ndiyo inayotazamwa hadi leo, na ndiyo mapromota wanayotutajia. Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, ulizeni video itakaa wapi, kwa muda gani, na kama mnaruhusiwa kuitumia kujitangaza. Kisha kagueni fomu ambayo stesheni inawapelekea ASCAP na BMI, mashirika yanayokusanya malipo ya watunzi, maana stesheni hulipia nyimbo huko na watunzi hulipwa kutokana na fomu hiyo. Kwenye fomu ya kwanza jina la mmoja wa watunzi wetu wawili halikuwepo. Ilichukua barua kadhaa kulirudisha, na lau nisingeiomba nakala, fedha zake zingepotea kimya kimya.

Mwaka uliofuata kipindi kingine kilitupigia simu. Rekodi ya dakika tatu na nusu ilikuwa tayari kwenye kompyuta, tukaituma jioni ile ile.